Ushuhuda, ushahidi na kapi la mlangoni

Kapi lile nililifunga kwa mikono yangu. Seremala wa hospitali alinipa kipande cha mkaratusi, nikakipigilia juu ya fremu ya mlango wa chumba chetu cha fiziotherapia, nikatundika kapi la chuma nililonunua sokoni, nikapitisha kamba ya manila na kufunga kishikio cha mti kila upande. Ulikuwa mwaka 2009. Nilikuwa na miezi michache tu kazini tangu nimalize masomo KCMC kule Moshi, na hospitali yetu ya milimani, upande wa Njombe, haikuwa na kifaa cha maana zaidi ya taa ya joto ambayo balbu yake ilikuwa imeungua.

Kapi likawa fahari yangu. Mgonjwa wa kiharusi anakaa kitini, mkono uliopooza unafungwa kwenye kishikio kwa kitambaa, mkono mzima unavuta kamba upande wa pili, na ule uliolala unapanda. Ndugu waliomleta wanauona mkono ambao haujasogea kwa wiki tatu ukinyanyuka hadi juu ya kichwa. Wapo waliopiga makofi. Mama mmoja alipiga vigelegele, na wauguzi wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

Mwaka 2015 alikuja mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mrefu na mpole, aliyepooza upande wa kulia. Alikuja mara tatu kwa wiki, mkewe akimwegemeza, na alivuta kamba kwa nidhamu ya mtu aliyefundisha watoto kuhesabu maisha yake yote. Wiki ya tano alianza kukunja uso kamba ilipofika usawa wa sikio. Nikamwambia, "Mwalimu, jikaze kidogo, maumivu ni dalili kwamba msuli unaamka." Aliniamini. Wiki ya saba hakuweza kuvaa shati bila kutoa machozi. Wiki ya tisa hakuja. Niliandika kwenye faili lake maneno manne: "Mgonjwa ameacha mazoezi mwenyewe."

Hivyo ndivyo tulivyozoea. Mgonjwa akiacha kuja, tunaandika kwamba ameacha yeye.

Miaka miwili baadaye tulipokea binti mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Siku ya tatu alisimama chini ya kapi akalitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa adabu, "Samahani kaka, hili limewahi kufanyiwa utafiti?" Nikamjibu kwamba tumelitumia miaka minane. Hakubisha. Aliinamisha kichwa akaendelea kukunja mashuka, lakini swali lake nililala nalo.

Usiku huo nilitoka na simu hadi karibu na tangi la maji, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa unakamata vizuri. Binti alikuwa ameniandikia jina la hazina moja ya tafiti za fiziotherapia, PEDro, inayoendeshwa kutoka Sydney, Australia, tangu mwaka 1999. Haidai malipo, na majaribio yaliyomo yamepewa alama, kumi kwa juu kabisa, kwa kuangalia yalivyofanywa kwa uangalifu. Niliandika maneno ya Kiingereza ya bega, kiharusi na kapi. Ulikuwa mwezi wa sita na baridi ya Njombe ilikuwa inakata vidole. Nilirudi ndani nikatetemeka, na sijui kama ni baridi peke yake.

Utafiti niliokutana nao ulichapishwa Marekani mwaka 1990. Wagonjwa wa kiharusi 28 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza, mtaalamu aliusogeza mkono wao taratibu kwa mikono yake. La pili walisukuma mkono juu ya ubao wa magurudumu mezani. La tatu walivuta kapi. Kati ya wale wa mtaalamu, walioanza kuumwa bega walikuwa asilimia 8. Wa ubao, asilimia 12. Wa kapi, asilimia 62.

Mwaka 1990 nilikuwa darasa la kwanza. Jambo hili lilikuwa limeandikwa kabla sijajua kusoma.

Sababu yake, ukiitafakari, haina fumbo. Bega ni kiungo kilicholegea kwa maumbile, na kinachokishikilia ni misuli zaidi ya mfupa. Misuli ikipooza, kichwa cha mfupa wa mkono kinateremka kidogo kutoka mahali pake. Mtu asiyepooza akinyanyua mkono, ule mfupa bapa wa mgongoni nao huzunguka kuupisha. Kapi halimsubiri mtu. Linauvuta mkono juu wakati mfupa bapa umelala palepale, na nyama na kano zilizo katikati zinasagwa. Yote haya nilifundishwa chuoni, na mtihani wake nilifaulu. Sikuwahi kuyaunganisha na kamba yangu.

Naomba niseme ukweli kuhusu usiku ule, maana ndipo nilipojifunza zaidi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta upungufu wa utafiti. Wagonjwa 28 ni wachache mno, nikasema. Wazungu wana mabega tofauti, nikasema, ingawa nilijua huo ni upuuzi. Ni kweli kwamba 28 ni wachache, na utafiti mmoja mdogo hautoshi kujenga nyumba. Lakini nilipoendelea kusoma nilikuta mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2016 kuhusu kuwarejesha katika hali wagonjwa wa kiharusi, nao unasema waziwazi kwamba mazoezi ya kapi la juu ya kichwa hayashauriwi. Kisha nikajiuliza swali ambalo lilinimaliza: mimi, kwa miaka minane, nilikuwa na wagonjwa wangapi waliohesabiwa? Hakuna hata mmoja. Nilikuwa na makofi na vigelegele.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayofanana ambayo yamenisaidia kulifafanua jambo hili kwa wenzangu. Kanisani Jumapili mtu husimama akatoa ushuhuda: nilikuwa mgonjwa, nikaombewa, nikapona. Hatumuulizi maswali, wala hatupaswi kumuuliza, kwa sababu anasimulia yaliyompata yeye. Ushahidi ni neno la baraza na mahakama. Huko anasikilizwa huyu na anasikilizwa yule, na aliyenyamaza naye anaitwa. Wodini sisi tulikuwa tunaendesha kazi kwa ushuhuda. Yule aliyepona alirudi na kuku wa shukrani, tukamkumbuka kwa jina. Yule aliyeumia alikaa kwao, na hatukumwita. Mtu akiniuliza utafiti ni nini, namwambia ni kumwita na yule ambaye hakurudi.

Na wakati mwingine anayeitwa huleta habari nzito kuliko bega. Wenzangu wa wodi ya watoto wanaukumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika hapahapa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali ya Teule kule Muheza. Watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini walifuatiliwa. Vitabu vilisema wapewe maji mengi ya mshipa kwa kasi, na akili ya kawaida ilikubali. Kati ya waliopewa maji hayo ya kasi, karibu 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya ambao hawakupewa, walifariki karibu 7 katika kila 100. Hao hawakuwa watoto wa kuhara, ambao maji ndiyo uhai wao, na lazima tofauti hiyo isemwe kila mara habari hii inaposimuliwa. Waliokuwa wakifungua dripu zile kwa kasi walikuwa watu wenye huruma, waliokesha. Huruma yao isingeweza kuwaonyesha jambo hilo hata wangekesha miaka mia.

Kapi nililishusha Ijumaa. Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda kwa mwalimu.

Nilimkuta ameketi juani, blanketi magotini, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani kama mtu anayeficha kitu. "Kamwene," nikasalimia, wakaitikia, mkewe akanitolea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na yote yakanipotea. Nikasema, "Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kukuambia kwamba bega lako halikuharibika kwa sababu uliacha mazoezi. Yale mazoezi niliyokupa ndiyo yaliyoliumiza. Nilikosea, naomba unisamehe."

Alinyamaza. Aliyesema ni mkewe: "Sisi tulijua ni kwa sababu tuliacha kuja. Hata watoto walitulaumu."

Miaka miwili nyumba ile ilikuwa imebeba lawama yangu. Wao waliibeba chumbani kwao kila asubuhi shati lilipokataa kuingia, na mimi nilikuwa nalala usingizi.

Tukakaa mchana kutwa. Nikamwonyesha mama namna ya kuweka mto chini ya mkono anapoketi ili bega lisining'inie, namna ya kumnyanyua kitandani kwa kumshika kiunoni na kamwe si kwa kumvuta mkono ule, namna ya kuusogeza mkono taratibu kwa kulishika lile fupa bapa kwa kiganja, bila kupita usawa wa bega, na kuacha pale maumivu yanapoanza. Shati tukakubaliana liingie kwanza mkono mgonjwa. Bega halikurudi kuwa la ujanani. Maumivu yalipungua kiasi cha kumfanya alale usiku, na kwa mwalimu yule hilo halikuwa dogo.

Nilipoinuka kuaga aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ileile ya darasani: "Na wengine uliowavutisha kamba, umeshawaambia?"

Ilinichukua miezi kupitia rejista. Baadhi walikuwa wamefariki, baadhi wamehamia kwa watoto wao Makambako au Dar es Salaam. Niliowapata niliwaambia. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja alicheka akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba ile kamba si rafiki yake, lakini hakuona sababu ya kubishana na mtu mwenye koti jeupe. Kwamba walijua miili yao na hawakuthubutu kusema mbele yangu, hilo liliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma.

Baada ya hapo nilisoma kama mtu aliyekuwa na kiu. Hospitali ilijiunga na HINARI, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 kupitia Shirika la Afya Duniani ili taasisi za nchi maskini zipate majarida ya tiba bila gharama au kwa gharama ndogo, na kila Ijumaa saa nne tukawa tunakutana watu watano au sita, chai na mihogo mezani, mmoja akisimulia kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza. Sharti la Kiswahili lilikuwa wazo la muuguzi mkuu. Alisema, ukishindwa kulieleza kwa Kiswahili hujalielewa, na usiende nalo kwa mgonjwa. Ni sharti bora kuliko yote tuliyojiwekea. Imetokea zaidi ya mara moja mtu kuanza kwa kujiamini, akafika katikati akakwama, akarudi kusoma upya.

Lakini kiu nayo ina hatari yake, na hapa ndipo habari ya mama wa viazi inapoingia.

Wagonjwa wa mgongo ndio wengi katika milima hii. Mtu analima kwa jembe la mkono kwenye mteremko, anabeba kuni, maji, mbolea na mtoto, kisha anakuja na bahasha ya picha akikwambia, "Dokta, wameniambia pingili zimesagika." Zamani tulikuwa tunawaambia walalie ubao na wasiinuke kwa wiki mbili. Nikasoma kwamba mwaka 1994, Marekani, watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa picha za MRI, na waliokuwa na diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, nzima kabisa mgongo wote walikuwa asilimia 36 tu. Yaani wengi wetu tuna mgongo wenye kasoro pichani na tunacheza ngoma harusini. Nikasoma utafiti wa Helsinki, Ufini, wa mwaka 1995, wa watu 186 wenye maumivu ya ghafla ya mgongo: wengine walilazwa kitandani siku mbili, wengine wakapewa mazoezi ya kunyoosha mgongo, wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri wanavyoweza. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi zaidi. Nilisimulia Ijumaa kwa furaha kubwa. Mbao zote tukazirudisha kwa seremala.

Akaja mama mmoja wa makamo, mgongo umemkaza siku nne. Nilimpima vizuri, nikamweleza kwa Kiswahili safi kwamba mgongo si yai, kwamba kulala kunachelewesha, kwamba aendelee na shughuli zake za kawaida. Aliondoka ametabasamu. Baada ya siku kumi aliletwa na shemeji yake kwenye bodaboda, amejikunja, hawezi kusimama wima.

"Mama, pole sana. Ilikuwaje?"

"Si ulisema niendelee na kazi za kawaida? Nimeendelea."

Lilikuwa juma la kuvuna viazi. Kawaida yake ilikuwa kupandisha viazi kutoka bondeni hadi barabarani, debe baada ya debe, ambako wanunuzi wanashindilia magunia ya lumbesa. Alikuwa mtiifu kwangu kama mwalimu alivyokuwa mtiifu.

Usiku nikaufungua tena utafiti wa Helsinki, safari hii nikatafuta kitu ambacho awali nilikiruka: walikuwa akina nani? Walikuwa waajiriwa wa jiji la Helsinki. Waliporudi kwenye shughuli zao za kawaida walirudi kwenye kazi ya mshahara mjini, na mtu akiambiwa "kadiri unavyoweza" ana mahali pa kupunguzia. Mama yangu hakuwa na mahali pa kupunguzia. Utafiti haukudanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyelichukua neno "kawaida" nikalivusha bahari bila kuuliza ni kawaida ya nani.

Na kuna lingine ambalo tafiti za namna ile haziwezi kunifanyia kazi, maana wagonjwa wa maradhi mazito ya uti wa mgongo hutolewa kabla ya kuanza. Njombe ndio mkoa ulioongoza nchini kwa maambukizi ya VVU katika upimaji wa mwaka 2016 na 2017, asilimia 11.4 ya watu wazima, na penye VVU kifua kikuu hakiko mbali, na kifua kikuu hupenda kujificha mgongoni. Kwa hiyo kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba mgongo wake hauna neno, nauliza kuhusu homa za jioni, jasho la usiku, nguo zinazopwaya, miguu inayokufa ganzi, mkojo unaokataa au unaotoka wenyewe. Nagonga pingili moja moja kwa ngumi laini. Akiwepo mmoja mwenye dalili hizo anakwenda kupimwa siku hiyohiyo. Hao sitaki wapotee kwenye wastani wa watu wazima wenye afya wa nchi nyingine.

Daktari mmoja wa Kanada, David Sackett, aliandika pamoja na wenzake mwaka 2000 kwamba tiba ya ushahidi ni kuunganisha utafiti bora uliopo, uzoefu wa mtabibu, na yale ambayo mgonjwa mwenyewe anayathamini na kuyahitaji. Nikiieleza Ijumaa nasema ni mafiga matatu. Mwanzoni nilipika kwa figa moja, la uzoefu wangu. Kisha nikalitupa, nikapika kwa figa moja jingine.

Mpango tuliomfanyia mama haukuwa na lolote la ajabu. Nusu debe badala ya debe, safari ziongezeke. Mzigo ukae mgongoni kwa kanga, usibebwe mkononi upande mmoja. Shemeji achukue zamu ya kupandisha kilima kwa wiki tatu, na mumewe aliitwa, akaja, akaelezwa, akakubali mbele ya mama yake mzazi, jambo ambalo lilikuwa na nguvu kuliko dawa yoyote niliyo nayo. Kutembea kila siku. Kulala mchana hapana. Lakini mpango huo tusingeupata kama nisingechukua karatasi nyeupe asubuhi ile, nikavuta kiti karibu na kitanda chake, nikamwambia, "Mama, leo mimi sisemi kitu. Nisimulie siku yako, tangu unapofumbua macho."

Akaanza saa kumi na moja alfajiri, na kuwasha moto. Kisimani mara mbili, ndoo ya lita ishirini. Kuwatoa nguruwe uchafu, kuwapa pumba. Uji wa watoto. Mtoto wa binti yake mgongoni, jembe begani, mteremko hadi bondeni. Nilikuwa naandika kwa haraka, herufi ndogo, na hata hivyo karatasi ilijaa ikiwa bado haijafika saa sita mchana. Nikanyanyua kalamu.

"Geuza," akaniambia. "Kuni sijazitaja bado."